Mkojo unanitoka nikipiga chafya

Mama_Kichanga: Jamani, nilijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto ana miezi 2. Nikipiga chafya au nikimnyanyua, mkojo unanichuruzika. Kucheka ndiyo usiseme! Itaisha yenyewe?

BiMkubwa: Hongera, na pole. Wengi hupata nafuu, ila usikae tu. Bana kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, matako yasikaze, pumua. Hesabu hadi 10 (ukiweza 3 tu, anzia hapo), kisha legeza kabisa. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

DadaK: Usifanyie mazoezi hayo wakati unakojoa, mkojo hautaisha vizuri kwenye kibofu.

Mama_Kichanga: Na nikihisi kitu kinashuka ukeni?

BiMkubwa: Hapo mwenzangu nenda ukapimwe, usingoje. Mkojo nao ukiendelea baada ya miezi 3, muone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo).