Tupeane uzoefu: nani aliamini hawezi kucheza, akaja kujifunza?

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wale tulioaminishwa kwamba kucheza muziki ni kipaji, ama umezaliwa nacho ama basi. Niliishi na imani hiyo miaka mingi, nikawa mtu wa kukaa pembeni na kutunza mikoba ya wenzangu.

Kilichonifungua macho ni hatua ya msingi ya salsa. Unakanyaga moja, mbili, tatu, ya nne unatulia, halafu mguu wa kulia unaondoka na ya tano. Mimi hiyo ya tano ilikuwa inanipita kila mara, nikahitimisha kuwa sina sikio la muziki. Mwalimu wala hakuniambia nijitahidi zaidi. Alinitazama miguu, akasema, "Kwenye ya tatu hujauhamishia mwili wote kushoto. Mguu wa kulia umeubebesha mzigo, utanyanyukaje?" Nikahamisha uzito, mguu ukatoka. Yaani ile "siwezi" yangu ilikuwa na sababu inayoonekana kwa macho, na dawa yake ipo! Tangu hapo nikikwama, hata kazini, najiuliza kwanza ni wapi hasa panaponishinda.

Leteni visa vyenu. Hata wanaoendelea kuhangaika waseme.

#2
Kwangu mtihani ulikuwa kuzunguka. Nikigeuka kidogo tu, ukumbi mzima unageuka nami. Nilishakubali kuwa ni maumbile. Kumbe kizunguzungu kile kinatokana na majimaji ya sikio la ndani: ukisimama, yenyewe yanaendelea kusogea kwa muda, ubongo unadhani hujasimama. Wacheza baleti wana mbinu yao. Unachagua alama ukutani usawa wa macho, mwili unaanza kugeuka huku macho yamebaki palepale, kisha kichwa kinageuka haraka na kuipata tena ile alama kabla mabega hayajafika. Nilianza na robo mzunguko, nikaenda nusu, hadi mzima. Upande wa kushoto ungali mgumu, naufanyia kazi.

#3
Mleta uzi, asante. Mimi ni mzazi. Binti yangu kila mtu alikuwa anamwambia ana kipaji. Kikundi chao kilipoanza mtindo mgeni, akagoma kwenda. Ukimbana analia, hataki aonekane hajui. Nikakumbuka utafiti wa wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998: watoto waliosifiwa kuwa wana akili walivunjika moyo upesi zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Nyumbani tukabadili sifa. Sasa namwambia nilichokiona: "Leo mikono imefuata ngoma, wiki iliyopita ilikuwa inatangulia." Amerudi kikundini, na siku hizi ananionyesha mwenyewe pale panapomsumbua.

#4
Nimeanza dansi ya tango baada ya kustaafu. Kuna hatua inanikataa jioni, nikiamka asubuhi naikuta imetulia mwilini. Wanaosema tumechelewa wamtazame Misty Copeland: alianza baleti akiwa na miaka 13, umri unaohesabiwa kuwa mkubwa kwa fani ile, na 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupanda hadi mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la Marekani.

#5
Nafundisha dansi, naomba niongeze jambo. Juhudi peke yake haitoshi. Anayerudia hatua mbovu kwa kasi anaikomaza. Punguza kasi ya muziki hadi unapoweza kuipata sawasawa, jirekodi kwa simu, tazama, rekebisha kitu kimoja, ndipo upandishe kasi. Goti likiuma kweli usikaze roho, simama ukamwone daktari.

Halafu wapo walimu wanaotumia maneno haya ya "mtazamo wa kukua", yaani imani kwamba uwezo hujengeka kwa kujifunza, kumlaumu mwanafunzi kwamba hajataka tu, ilhali maelezo yao ndiyo hayaeleweki. Hilo linaniumiza sana. Mwanafunzi akikwama, wa kwanza kubadilika ni mimi: nielezee kwa hesabu, au nimwonyeshe nikiwa nimempa mgongo, au nimwache asikilize ngoma tu bila kucheza.

#2, kuhusu huo upande wa kushoto: anza mazoezi nao ukiwa na nguvu mpya, wa kulia ufuate. Wengi wanauachia mwisho, miguu ikiwa imeshachoka.