Naomba ushauri: alama za msongo wa seli zinapanda hata kwenye kontroli ya manitoli

Wakuu, naombeni msaada kwa mliozoea kukuza seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu. Ninachofuatilia ni njia inayotoka kwenye kisukari hadi kwenye ateri: sukari inazielemea seli, protini hazikunjwi sawasawa, PERK, IRE1 na ATF6 (protini zinazohisi msongo huo) zinaamka, kisha uvimbe (inflamesheni) unafuata.

Glukosi ya kawaida ni 5.5 mmol/L, ya juu 25. Kontroli (kundi la kulinganishia) ina glukosi 5.5 pamoja na manitoli 19.5, ambayo seli hazitumii kama chakula, ili ukolezi ulingane. Midia (kimiminika cha kukuzia seli) inabadilishwa kila saa 24. Tunikamaisini 1 µg/mL, dawa ya kuleta msongo huu kwa makusudi, inaitika vizuri: RNA ya XBP1 inapoteza nyukleotidi 26, na kimeng'enya PstI, kinachokata DNA, hakiikati tena nakala yake ya DNA. Tatizo liko saa 48. Alama za msongo GRP78 na CHOP zinapanda kwenye manitoli karibu sawa na kwenye glukosi, kwa hiyo siwezi kuilaumu sukari. Seli ziko pasaji ya 7 (idadi ya mara zilizohamishiwa chombo kipya), na hilo linanitia shaka sana.

Nianze upya na pasaji ya 3, au kwanza niweke glukosi ya L (umbo la kioo la glukosi, ambalo seli hazitumii) badala ya manitoli? Na kupokezana 5.5 na 25 kila siku, maana sukari ya mgonjwa hupanda na kushuka, mnakupangaje?