Nimepata Xenon ya 1980 na Pac-Man, zote zimekufa. Nianzie wapi bila kuziharibu?

KidoleChaFlipa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri kabla sijagusa kitu chochote.

Nimepata mashine mbili kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba: pinboli ya Bally, Xenon ya 1980, na gemu la kusimama la Pac-Man, lile la Midway. Zote zimekaa stoo miaka mingi bila umeme. Sina haraka nazo. Ninachotaka ni zifufuke zikiwa zilezile, siyo makasha ya zamani yenye kompyuta ya kisasa tumboni.

Xenon kasha lake ni zima, miguu tu ndiyo imekula kutu. Lile bomba angavu linalopitisha mpira juu ya uwanja (ubao ambao mpira unachezea) halina hata ufa, na hilo limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu mashine hii ni bomba lile pamoja na sauti ya mwanamuziki Suzanne Ciani inayokuita ucheze. Nilipofungua boksi la nyuma nikakuta betri kwenye kona ya chini ya bodi kuu, imevimba, na kuizunguka kuna unga wa kijani na mweupe. Kioo cha nyuma chenye picha kimeanza kubanduka rangi sehemu zilizo karibu na balbu.

Pac-Man, aliyenipa anasema mara ya mwisho ilikuwa inatoa sauti bila picha. Hata ikiwa imezimwa unaona vichochoro vya gemu vimechapika kwenye kioo. Kasha limevimba kwa chini, ni mbao za vumbi zilizonywa maji.

Nianze na ipi? Nichomeke kwanza nione zinavyofanya? Na hicho kioo cha chogo, nikiache au niweke LCD kama ninavyoshauriwa na wengi? Mita naijua, pasi ya solda naimudu kwenye redio, ila TV ya chogo sijawahi kuifungua.

FundiLehemu

Hongera mkuu. Xenon yenye bomba zima ni ya kutafuta kwa tochi.

Naanza na swali la pili: usichomeke. Mashine nyingi huuawa siku ya kwanza kwa hamu ya kuona taa zikiwaka. Kapasita zimekauka, soketi zimelegea, na hujui aliyekuwa nayo alifanya nini kwenye fyuzi. Fyuzi iliyofungwa kwa karatasi ya fedha ya sigara ni kitu cha kawaida sana kwenye mashine zilizokuwa zinaingiza sarafu, maana mwenye biashara alitaka gemu liendelee usiku ule ule. Toa kila fyuzi, soma namba yake, linganisha na kijitabu cha mashine. Usiongeze ampea hata kidogo.

Kisha betri. Hiyo ni ya nikeli na kadmiamu, volti 3.6, na kazi yake ni kukumbuka alama za juu na hesabu za sarafu umeme ukikatika, basi. Mashine inacheza bila hiyo betri. Ikate leo, kwa sababu kile kilichovuja ni alkali na kinaendelea kula shaba hata bodi ikiwa kabatini. Vaa glavu na miwani, toa bodi, sugua kwa mswaki na siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Siki ni asidi, inaipoza alkali. Suuza kwa maji safi, malizia na spiriti ya isopropili, iache ikauke kabisa.

Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Njia za shaba zilizogeuka nyeusi zikwangue kwa msasa laini mpaka zing'ae, kwa kuwa risasi ya solda haishiki kwenye shaba iliyooza. Itajikusanya tu juu kama tone na kudondoka. Kona hiyo ndiyo yenye saketi inayoamsha prosesa ya 6800 umeme ukishatulia. Rezista na transista zilizopata ukungu zibadilishe zote hata zikipima vizuri leo. Soketi za chipu zilizo jirani nazo zibadilishe, maana mvuke unaingia kwenye miguu yake usipopaona. Ukitaka mashine ikumbuke alama, zipo chipu mpya zinazokaa mahali pa ile kumbukumbu ya 5101 na hazihitaji betri. Usirudishe betri nyingine ya kuchomelea pale.

MzeeWaKoili

Kijana, aliyosema FundiLehemu yafuate hatua kwa hatua. Nami naongeza la upande wangu.

Geuza uwanja utazame chini yake. Kila koili (waya uliozungushwa unaokuwa sumaku ukipata umeme) isukume msumari wake, kile chuma cha ndani, kwa kidole: uende laini na urudi wenyewe. Ukikwama, toa, safisha, weka bomba jipya la nailoni ndani ya koili. Usipake mafuta. Mafuta yakichanganyika na vumbi jeusi la koili yanageuka gundi, na mimi nimefungua flipa (vile vibawa vya kupigia mpira) nyingi sana zilizouawa hivyo na watu wenye nia njema.

Flipa za Bally za wakati huo zina koili yenye nyuzi mbili, moja nene ya kupiga na moja nyembamba ya kushikilia. Pembeni kuna swichi ya mwisho wa mwendo. Flipa ikifika juu, swichi hiyo inafunguka, umeme unahamia kwenye uzi mwembamba, ndiyo maana unaweza kushika kitufe muda mrefu. Isipofunguka, uzi mnene unabaki na volti 43 na koili inaungua mpaka karatasi yake inageuka kahawia. Rekebisha ifunguke kama milimita 3 flipa ikiwa juu kabisa.

Ncha za swichi hiyo ni za tangsteni, unaweza kuzipiga tupa. Swichi ndogo za uwanjani ni tofauti, zimepakwa dhahabu. Hizo usizipige tupa wala msasa. Pitisha kipande cha karatasi ngumu safi kati ya ncha, zibane kidogo, vuta karatasi. Uchafu unatoka nayo.

KidoleChaFlipa

Shikamoo mzee, na asante sana. FundiLehemu, betri nimeshaikata na bodi nimeisafisha, soketi mbili zimetoka na kutu yake. Nikishamaliza kuchomelea, nawashaje kwa usalama?

FundiLehemu

Kwanza hakikisha transfoma imeunganishwa kwa volti za umeme wako. Mashine hizi zilitoka Chicago, nyingi zikiwa za volti 120, lakini transfoma ina vituo vya kuhamishia waya. Kisha chomoa konekta zote zinazotoka kwenye bodi ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), washa, upime pale pale kwenye pointi za kupimia. Unatafuta takriban 5.4 DC ya taa, 11.9 DC, 7.3 AC, 43 DC ya koili na 230 DC ya namba za alama. Bila mzigo zitakuwa juu kidogo, usishtuke. Ile 230 inaua, kwa hiyo mkono mmoja uweke mfukoni unapopima.

Zikiwa sawa, zima, rudisha bodi ya koili na regulata (kituliza volti), pima volti 5. Kwenye bodi hiyo kuna kapasita kubwa ya mikrofaradi 11,700. Imezeeka kuliko wengi wetu humu, ibadilishe bila kujiuliza. Bodi kuu inaunganishwa mwisho.

BiSaketi

Naongezea hapo kwa FundiLehemu. Kaka, Bally waliweka kitu kizuri sana kwenye bodi kuu: kitaa chekundu kinachokueleza ugonjwa. Ukiwasha, kinamweka haraka mara moja, halafu kinawaka mara saba. Kila kuwaka ni kipimo kilichopita. Wa kwanza ni chipu za programu, wa pili na wa tatu ni kumbukumbu, wa nne na wa tano ni zile chipu mbili za PIA zinazoongea na uwanja, wa sita ni saketi ya namba za alama, wa saba unathibitisha kwamba volti 43 zinafika. Kikisimama katikati, umeshajua pa kutafuta. Kikiwaka bila kuzima, rudi kwenye ile kona ya betri.

Ndiyo maana mimi nawapenda Bally wa miaka ile kuliko mashine zilizofuata. Wahandisi walijua kwamba bodi itakuja kufunguliwa na mtu aliye peke yake na mita mkononi, wakamwachia njia.

Chogo19

Niongelee Pac-Man maana naona imesahaulika. Mkuu, tafadhali usitoe chogo.

LCD haitaonyesha gemu hili kama lilivyokusudiwa. Picha ya Pac-Man inatoka kwa mwendo wa kilohezi 15, skrini nyingi za kisasa haziupokei mpaka uweke kibadilishi, na ukishakiweka rangi zinabadilika na zile nukta za chakula zinakuwa miraba mikavu. Kwenye chogo kila nukta ina mng'ao kidogo pembeni. Waliochora gemu hili mwaka 1980 walichora wakitazama mng'ao huo.

Kuchapika kwa vichochoro ni alama ya Pac-Man karibu zote. Kioo kilionyesha ramani ileile kutwa kucha kwa miaka. Gemu likiwaka, mistari mipya inakaa juu ya ile ya zamani na hutaiona sana. Ukitaka kioo safi, inawezekana kuhamisha chogo cha televisheni ya inchi 19 chenye shingo inayofanana, ukabaki na mzingo wa koili wa awali unaokaa shingoni mwa chogo.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Chogo kinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, ikiwaka kinabeba volti elfu ishirini na kitu. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, funga waya wenye kibanio kwenye chuma chake, upande wa pili bana kwenye fremu ya chuma ya kioo, siyo kwenye bodi. Mkono mmoja nyuma ya mgongo. Ingiza ncha chini ya ile kofia ya mpira iliyo mgongoni mwa chogo mpaka iguse kishikizo. Unaweza kusikia mlio mmoja. Ngoja dakika chache urudie, kwa sababu chaji hujirudisha. Na shingo ya nyuma usiiguse kwa kishindo, ikipasuka hewa inaingia na chogo kimekwisha.

KidoleChaFlipa

Nimekuelewa kaka, chogo kinabaki. Lakini sauti bila picha inaanzia wapi?

Chogo19

Washa gizani, tazama shingo ya chogo. Ikiwaka rangi ya chungwa, hita ni nzima. Isipowaka, anza na fyuzi za bodi ya kioo, kisha transista ya mlalo (inayoendesha mistari ya picha), kisha flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya chogo). Kapasita za kielektroliti badilisha zote kwa pamoja. Kioo kinahitaji transfoma yake ya kutenga umeme, usije ukakichomeka moja kwa moja ukutani. Pia angalia konekta ya ukingo wa bodi ya gemu. Pac-Man inapokea AC ya karibu volti 7 kupitia pale na kujitengenezea 5 yenyewe, na vidole vya konekta hiyo huungua vikawa vyeusi. Vikiwa hivyo, badilisha konekta, kusafisha tu hakudumu.

MbaoTu

Kasha lililovimba kwa chini: kata sehemu iliyooza kwa mstari ulionyooka, unganisha plaiwudi ya unene uleule, kisha jaza kwa epoksi. Usipake rangi upya ubavu mzima. Michoro ya awali iliyochubuka ina thamani kuliko stika mpya inayong'aa.

KidoleChaFlipa

Wakuu, nina habari. Volti zote kwenye rektifaya ziko sawa isipokuwa 43, haipo kabisa. Bodi kuu nimeiunganisha: kitaa kimemweka, kikawaka mara sita, kikasimama. Nimefurahi mno, sikutegemea kwamba bodi iliyoliwa vile ingefika sita. Fyuzi ya mstari huo imekatika. Niweke mpya?

MzeeWaKoili

Bado. Fyuzi haikatiki bila sababu. Umeme ukiwa umezimwa, pima ohmu za kila koili. Inayosoma karibu na sifuri imeungua ndani, au dayodi yake imeshoti. Halafu pima transista za bodi ya koili, kutoka kwenye bati lake la mgongoni hadi ardhi. Ikisoma sifuri, imeshoti na itashikilia koili yake tangu unapowasha. TIP102 inakaa vizuri pale. Ukibadilisha transista, badilisha na dayodi ya koili hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo uweke fyuzi ya namba ileile.

KidoleChaFlipa

Mzee, umepiga palepale. Koili ya bampa moja (kigongo kinachorusha mpira) inasoma ohmu 0.4, na transista yake ina shoti. Nimebadilisha vyote pamoja na dayodi, nikaweka fyuzi. Kitaa kimewaka mara saba. Sasa taa zote zinawaka na namba za alama zinaonekana. Naruhusiwa kucheza?

BiSaketi

Hongera sana kaka, lakini subiri kidogo. Taa zikishawaka, ndiyo kioo chako cha nyuma kinaanza kuumia, kwa sababu joto la balbu ndilo lililobandua rangi ile. Kitoe kabla hujaiacha mashine iwake saa nzima. Balbu za namba 44 zitoe zote nyuma ya kioo uweke 47: volti ni zilezile 6.3, lakini zinakula miliampea 150 badala ya 250, joto linapungua sana.

Upande uliopakwa rangi usiufute kwa maji wala dawa ya vioo, hata kwa kitambaa kikavu. Magamba yaliyoinuka yaache yalipo. Laza kioo kifudifudi, rangi ikitazama juu, kipulizie akriliki angavu kwa tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Rangi iliyopotea hairudi, ila iliyobaki itashika. Kikikauka vizuri, kirudishe, kisha cheza.