Naomba ushauri: mbuzi 7 wameliwa tangu masika yaishe, na huku kwetu kukata miiba ni marufuku

MfugajiKwakuchinja

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msome mpaka mwisho maana nimechoka na usiku sasa siupendi.

Niko ukanda wa Kwakuchinja, Babati, pale wanyama wanapopita kutoka Tarangire kwenda Ziwa Manyara. Ardhi ya kijiji chetu imo ndani ya hifadhi ya jamii, yaani WMA. Nilianza na majike 12 na beberu mmoja mwaka 2021, wakazaliana mpaka wakafika 41. Leo ninao 34.

Zizi langu ni la miiba, la duara, kimo cha kifua. Miiba yenyewe imekauka na mchwa wamekula upande wa chini. Zamani mtu aliingia porini na panga akarudi na matawi ya mgunga yakiburutwa na punda, zizi likawa jipya siku hiyo hiyo. Sasa sheria ndogo zinakataza kukata miti hai eneo la hifadhi, na kusema kweli naziunga mkono, kwa sababu pori lilishaanza kuwa uwanja. Uzio mrefu unaokatisha mapito ya wanyama pia hauruhusiwi. Unazungushia makazi na zizi, basi. Mitego, sumu na bunduki sitaki hata kuviulizia.

Wale wa mwanzo walitolewa kupitia chini. Nilikuta shimo, miiba imesukumwa, na mbuzi ameliwa hapo hapo nje mpaka mifupa. Lakini Alhamisi imenichanganya. Saa nane usiku mbwa alibweka mara mbili akanyamaza. Nikatoka na tochi. Mbuzi wote wamejibana upande mmoja, kimya, hakuna hata mmoja anayelia. Miiba haijaguswa, shimo hakuna. Nikahesabu mara tatu. Jike mmoja mweusi mwenye doa jeupe sikioni, mwenye mimba ya kwanza, hayupo. Asubuhi nikaona damu kidogo juu kabisa ya miiba na mburuzo hafifu kama hatua thelathini, ukaishia chini ya mti.

Nifanye nini ambacho naweza kukifanya kwa mfuko wa mkulima na bila kuvunja sheria? Natanguliza shukrani.

MzeeWaMnadani

Pole sana kijana wangu. Kabla hujanunua hata msumari, jua unapambana na nani. Hapo una wezi wawili, na mlango wa mmoja sio mlango wa mwenzake.

Yule wa shimo ni fisi. Anachimba, anasukuma, anakula hapo hapo mpaka mfupa. Tafuta mavi yake karibu na zizi, yakikauka yanakuwa meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayokula. Unyayo wake una alama za kucha, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma.

Yule wa Alhamisi ni chui. Anaruka, anakaba koo, anatoka na mbuzi mdomoni. Ndiyo maana hukusikia kelele. Unyayo wake ni wa duara na kucha hazionekani. Tazama juu ya ule mti, huenda mabaki bado yapo kwenye tawi.

MfugajiKwakuchinja

Mzee, nimekwenda sasa hivi. Yapo. Nimeona kwato mbili na kipande cha ngozi nyeusi kwenye panda ya mti.

MamaMapacha_Simanjiro

Kaka pole. Sisi huku Simanjiro tulipitia hayo hayo, na kilichotutoa ni boma hai. Kuna shirika la Tanzania People and Wildlife lililowasaidia wafugaji wa nyika ya Wamaasai kujenga zaidi ya maboma 1,000 ya namna hiyo, kwa hiyo sikwambii kitu cha kubahatisha.

Unachukua wavu wa senyenge, ule wa matundu ya almasi, unazungushia zizi. Badala ya nguzo za kukata msituni ambazo mchwa watazila, unapanda vipande vya matawi ya osilalei (jina la Kimaasai la mti wa jamii ya Commiphora), karibu karibu. Ule mti ukichomeka tawi lake ardhini mvua zikianza, unashika mizizi na kuchipua. Baada ya misimu michache matawi yanapanda juu kuliko wavu, na ukuta wako unazidi kuwa mnene kila mwaka. Kwa hoja ya sheria umekaa vizuri: hukati mti, unapanda. Lakini hata hayo matawi ya mbegu usiyachukue kimyakimya. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba kibali cha maandishi, taja idadi.

Sasa makosa tuliyofanya sisi. Wavu tuliusimamisha ukaishia usawa wa ardhi. Fisi akachimba chini yake ndani ya wiki mbili. Ikabidi tukunje kipande cha wavu kwa nje, kilale ardhini upana wa hatua moja, tukakipanga mawe mazito juu. Fisi akija anaanza kuchimba pale pale ukuta ulipo, anakuta wavu chini ya kucha zake. Hajui kurudi nyuma hatua moja. Na mlango! Watu wanajenga ukuta mzuri halafu mlango ni kichaka cha miiba. Weka mlango wa mbao au bati, na kizingiti cha jiwe chini.

Nyika255

Mnazunguka bure. Paka dawa kwenye huo mzoga, kesho asubuhi tatizo limekwisha.

VGS_Mstaafu

Nyika255, nimekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji miaka mingi, nisikilize vizuri. Mzoga mmoja wenye sumu niliukuta na tumbusi kumi na mmoja wamelala kuuzunguka, mabawa wazi, pamoja na bweha wawili na mbwa wa mwenye mbuzi. Chui hakuwemo. Watoto wanachunga pale pale, mvua inanyesha pale pale, maji yanateremka kwenye bwawa la kunyweshea.

Na sheria ipo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009. Ukikutwa na ngozi au kucha za chui hizo ni nyara za serikali, na kesi yake inapelekwa kama uhujumu uchumi. Mbuzi saba wasikupotezee miaka ya maisha yako.

Kwako mleta uzi: kila tukio litoe taarifa asubuhi ile ile, kijijini na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Piga picha mzoga, unyayo, na pale alipoingilia, kabla mtu hajakanyaga. Kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, yaani pesa serikali inayompa aliyepata hasara kwa wanyamapori. Hiyo sio fidia, na hailingani na bei ya mbuzi mnadani, usiipigie hesabu ya ada ya mtoto. Lakini taarifa zikirundikana ndipo doria inapangwa upande wenu. Nyumba zisizotoa taarifa kwenye daftari zinaonekana hazina shida.

DkMifugo_Manyara

Boma hai nakubaliana nalo asilimia mia kwa fisi. Kwa chui, boma hilo peke yake halitoshi, hasa mwaka wa kwanza miti ikiwa mifupi. Chui ukuta wa wavu anaupanda. Dawa yake ni paa.

Mbuzi 34 sio ng'ombe 200, wanaenea kwenye banda. Jenga banda la kichanja: sakafu ya mabanzi iliyoinuliwa kama mita moja, nafasi kati ya mabanzi iwe ya kupitisha kinyesi bila kunasa kwato, kuta za mabanzi, bati juu. Kadiria mita moja ya mraba na kitu kwa mbuzi mkubwa. Mabanzi unanunua kwa wapasuaji mbao, hayatoki msituni kwenu. Faida nyingine utaziona masika: kwato haziozi, vitoto havifi kwa kichomi, na mbolea unaizoa chini. Kama fedha haitoshi, anza na chumba kimoja cha majike wenye mimba na vitoto.

Jingine, yule mbwa wako aliyebweka akanyamaza amefanya kazi yake, ni wewe uliyechelewa kutoka. Mchanje kichaa cha mbwa, na ukipata chanjo ya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, mchanje pia. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walionyoshewa kidole. Anayefuga jirani na hifadhi ana wajibu huo.

KijanaWaKitengela

Jambo kutoka Kenya. Sisi tunapakana na Nairobi National Park, shida yetu kubwa ni simba. Kuna kijana wa huku, Richard Turere, akiwa mtoto aligundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akafunga balbu ndogo kwenye ua wa babake, zikawaka kwa zamu kwa betri na sola, kama mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 akaenda kueleza TED, jukwaa la kimataifa la hotuba. Boma nyingi huku zimefunga hizo taa. Ushauri wangu: zifunge, lakini uzihamishe mara kwa mara, mnyama akizoea mahali pamoja ataanza kupita kando.

MzeeWaMnadani

Na mnyaa umesahaulika. Wamaasai wanauita emanyara, ndiko jina la hilo ziwa lako lilikotoka. Wazee walizungushia maboma. Unachomeka kijiti, kinaota hata kwenye kokoto, na mbuzi hawaugusi. Chunga utomvu usiingie machoni, hasa kwa watoto.

MfugajiKwakuchinja (wiki tatu baadaye)

Wakuu, narudi na mrejesho.

Nimeuza mabeberu wawili, nimenunua mabanzi na bati nane. Chumba cha kwanza kimekwisha, majike 11 wenye mimba na vitoto wanalala humo. Usiku wa kwanza walikataa kupanda ngazi, ikabidi nimbebe mmoja mmoja. Sasa jua likizama wanasukumana wenyewe.

Mtendaji amenipa barua ya matawi 120 ya osilalei, nikate mbele ya askari wa kijiji, vuli ikianza. Kwa waliobaki nje nimelaza wavu wa zamani chini na mawe juu kama alivyosema Mama Mapacha. Usiku wa juzi fisi alikuja. Asubuhi nimekuta amekwaruza sehemu nne, kila sehemu ameishia kwenye wavu. Nimehesabu, wako wote.

Chui bado yupo, unyayo wake nimeuona mtoni. Dk, chumba cha pili nakianza mwezi ujao. Je, nafasi ya kupitisha hewa chini ya bati ikiwa kiganja kimoja, anaweza kupitisha mkono akamvuta kitoto?

DkMifugo_Manyara

Anaweza. Ziba na wavu.