Nyanya zimeenda majani, maua yanadondoka: mnapangaje mbolea ya bustani ya nje kwa mwaka mzima?

Kijani Kibichi

Habarini za majukumu wakuu.

Nina bustani ndogo ya nje: matuta ya nyanya na pilipili hoho, na tuta moja la mboga za majani. Haina banda wala wavu wa kivuli, mvua na jua vyote vinaipiga moja kwa moja. Msimu wa kwanza nililima ardhi iliyokuwa imeota nyasi miaka mingi, nikaweka samadi kidogo, nyanya zikazaa mpaka matawi yakaelemewa. Msimu huu nimerudia samadi ile ile, na juu yake nikawa naweka urea mara kwa mara kama nilivyoshauriwa. Miche inapendeza kwa macho: mashina manene, majani mapana ya kijani kilichokolea, imenipita kimo. Lakini maua yanadondoka, na matunda machache yaliyoshika yana doa jeusi kitakoni, limebonyea na kuwa gumu. Mvua nayo inakuja kwa kishindo siku kadhaa, kisha inakata mpaka udongo unapasuka.

Ninachotaka kujua si dawa ya nyanya hizi tu. Mtu anapangaje mbolea kwa mwaka mzima? Nini kiingie kabla ya mvua, nini mvua ikiwa imekolea, nini kiangazi, na tuta likipumzika lipewe nini? Kila ratiba ninayokutana nayo imehesabu wiki tangu kupanda, haiulizi kama mvua imenyesha au haikunyesha.

Fundi Mabomba

Mkuu, urea imezidi hapo, acha kabisa. Na hilo doa usilipigie dawa ya ukungu, utapoteza hela bure. Si ugonjwa wa kuambukiza, ni kalsiamu haijafika kwenye tunda. Saga maganda ya mayai uweke kwenye shina. Msimu ujao ukiona maua, tumia NPK ambayo namba ya tatu ni kubwa. Namba ya kwanza kwenye mfuko ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu.

Mama Matandazo

Mwanangu Kijani, Fundi amesema kweli kuhusu urea. Ule mfuko ni asilimia 46 naitrojeni, na hakuna chakula kingine ndani yake. Naitrojeni ndiyo inayojenga majani na shina. Nyanya ikiipata bila kipimo inaendelea kuota tu, na maua inayoyatoa haiyatunzi. Joto nalo lina mkono wake: mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 21 siku mfululizo, chavua inaharibika na ua linaanguka hata kama mbolea iko sawa. Kwa hiyo kabla hujalaumu udongo, angalia hali ya hewa ya wiki ile maua yalipofunguka.

Kwenye maganda ya mayai nitatofautiana na Fundi kidogo. Maganda yanachukua muda mrefu sana kuoza, hayatafika kwenye tunda la msimu huu. Weka kwenye mboji, huko ndiko kwao. Halafu mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo tayari, kinachokosekana ni safari yake. Kalsiamu inapanda na maji kutoka kwenye mizizi, na maji yanakwenda zaidi kule yanakovukizwa kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda linavukiza kidogo, kwa hiyo linapata masalio. Udongo ukikauka ukapasuka, kisha ukalowa ghafla, kisha ukakauka tena, safari hiyo inakatikakatika, na kitako cha tunda, ambacho ndicho cha mwisho kufikiwa, kinakufa. Wewe umeongeza na majani mengi ya urea ambayo yanavuta maji upande wao. Ukitandaza nyasi kavu na kumwagilia kwa utaratibu, matunda yatakayoshika baadaye yatakuwa salama. Yale yenye doa yachume, hayatapona.

Sasa swali lako kubwa, ambalo nimelipenda. Mimi mbolea naipanga kwa maji, si kwa tarehe. Chakula cha mmea lazima kiyeyuke kwenye maji ndipo mzizi ukipokee. Udongo mkavu una chakula kisicholika. Udongo unaofurika nao unakipoteza, hasa naitrojeni, maana ikishageuka naitreti, umbo lake linaloyeyuka kwenye maji, haishikwi na udongo, inateremka na maji mpaka chini ambako mizizi haifiki. Fosforasi ni kinyume chake, pale ulipoiweka ndipo inapobaki. Potasiamu iko katikati. Ukiyashika haya matatu, ratiba utaitunga mwenyewe popote ulipo.

Msimu wako wa kwanza ulikuwa na siri yake. Ardhi iliyoota nyasi miaka mingi imejaa mabaki ya mizizi na majani yaliyooza. Ulipoipasua, hewa ikaingia, vijidudu vya udongo vikayala mabaki hayo kwa kasi na kuachia chakula kingi kwa mpigo. Nyanya zako zilikula akiba ya miaka. Msimu wa pili akiba imepungua na hakuna aliyeirudisha. Urea hairudishi akiba.

Kabla ya mvua, kiangazi kinapoelekea mwisho, ndipo ninapotandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita 3 hadi 5, na kuichanganya na udongo wa juu tu. Sichimbi chini sana, maana mizizi inayolisha mboga ipo juu. Mboji iliyoiva utaijua kwa mkono na pua: ukiifinya inashikana bila kuchuruzika maji, haina joto tena ndani, hutambui tena lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa ganda, na inanuka udongo wa mvua ya kwanza. Ikinuka mkojo, bado naitrojeni inaruka, ongeza majani makavu na uigeuze. Ikinuka uvundo, imekosa hewa. Lundo likipangwa vizuri linafika nyuzi 55 na kuendelea katikati, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Lundo lisilopata joto litaoza pia, ila magugu yake utayapalilia mwaka mzima.

Samadi mbichi usiipeleke kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyogusa. Mimi naona ni kipimo kizuri kwa yeyote anayelisha familia. Ukiwa na wasiwasi, ichanganye kwenye lundo la mboji iive huko.

Siku ya kuhamisha miche, fosforasi iingie kwenye shimo lenyewe, chini na pembeni ya mzizi, kwa sababu haitasafiri kukufuata. DAP, mbolea ya dukani, ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi kwa hesabu ya fosfeti (P2O5) inayoandikwa kwenye mfuko, ndiyo maana inaitwa ya kupandia. Kiasi kidogo tu, kisha funika na udongo ili isigusane na mzizi. Miche ikiwa na rangi ya zambarau chini ya majani wakati wa baridi, usikimbilie kuongeza. Mzizi uliopoa unashindwa kuvuta fosforasi hata iliyopo, na joto la udongo likipanda rangi hiyo huondoka yenyewe.

Mvua ikikolea, kazi kubwa ni kutunza, si kuongeza. Inua matuta, fungua mifereji, weka matandazo ili matone yasirushe udongo kwenye majani ya chini, kwani magonjwa mengi hupandia hapo. Naitrojeni ukiihitaji, igawe vipande vidogo baada ya mvua kubwa kupita, usiweke yote siku moja. Anayemwaga urea nyingi leo na mvua ikanyesha usiku, asubuhi imekwenda na maji.

Kiangazi ni kumwagilia kwanza, kulisha baadaye. Mimi nachomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo ulioshikana, maji nasubiri. Kikitoka kikavu, namwagilia taratibu mpaka chini, si kunyunyizia juu juu. Matandazo yawe sentimita 5 hadi 8, lakini yasikumbatie shina, shina litaoza. Mbolea ya maji ya mboji naizimua mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, na naimimina kwenye udongo uliokwisha kulowa. Mizizi yenye kiu ukiipa mbolea kali unaiunguza.

Tuta linalopumzika halipumziki kwa kuachwa wazi. Jua linachoma, mvua inabeba. Panda kunde au marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo. Zikianza kutoa maua, ng'oa mche mmoja taratibu na utazame mizizi, utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi nyekundu au ya waridi, bakteria walio humo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe au kijani, bado au wamechoka. Ukiona wekundu, kata mimea yote usawa wa ardhi, iache mizizi chini na utandaze majani juu. Ukisubiri mpaka ikomaze mbegu, naitrojeni nyingi itakuwa imehamia kwenye mbegu, na ukivuna umeondoka nayo.

Mpanda Hoho

Shikamoo mama. Naomba kuuliza mawili. Hoho zangu majani yanageuka njano, na watu wananiambia niweke majivu ya jikoni. Je, ni sawa? Na nikipanda hoho pale zilipotoka nyanya kuna shida?

Mama Matandazo

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie njano imeanzia majani gani. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo zikipungua unazinyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga. Njano inaanzia chini. Jani zima likipauka sawasawa, ni naitrojeni. Ukingo wa jani ukiungua huku katikati kukiwa kijani, ni potasiamu. Njano ikiwa katikati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, kwenye majani ya chini, shuku magnesiamu. Mchoro huo huo ukiwa kwenye majani machanga ya juu, ni chuma, na mara nyingi chuma kipo, ila pH ya udongo (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu umepungua) imepanda mno mzizi hauwezi kukivuta. Kabla ya yote hayo chimba kidogo uone kama mizizi imekaa kwenye maji, maana mzizi uliokosa hewa unaleta njano ya kila aina.

Ndiyo maana majivu siwezi kukuambia weka au usiweke kabla hujapima pH. Majivu yana potasiamu na kalsiamu nyingi, hilo ni kweli, lakini yanapandisha pH. Mboga nyingi zinataka kati ya 6 na 7. Udongo wako ukiwa mchachu, majivu kidogo ni msaada mkubwa. Ukiwa tayari umepita 7, unaiongezea hoho njano. Na usiyachanganye na urea wala samadi mbichi, naitrojeni inageuka amonia na kuruka hewani. Utaisikia puani palepale.

Kuhusu kupanda hoho baada ya nyanya, usifanye hivyo ukiwa na tuta jingine. Nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni ukoo mmoja, wanakula yale yale na wanaugua yale yale. Tuta likitoka nyanya, mimi nalipa kunde, kisha mboga za majani zinazofaidi naitrojeni ya kunde, kisha vitunguu au karoti, ndipo ukoo wa nyanya unarudi. Ukishawahi kuona mnyauko wa bakteria, ule ambao mche unalala ghafla ukiwa bado kijani, ongeza muda zaidi.

Kijani Kibichi

Shikamoo mama, na asante sana. Fundi nawe asante. Nimeshaelewa kwa nini msimu wa kwanza ulinidanganya. Nyanya zilizopo niziache au ning'oe? Na pilipili hoho zilizo tuta la pili bado fupi, sijazipa urea kabisa.

Fundi Mabomba

Mama, la mayai nimelipokea. Kijani, kama una pipa kaweke mpira wa matone, maji yatakuwa ya kiasi kile kile kila siku na hilo doa litapungua.

Mama Matandazo

Marahaba. Usizing'oe, mashina mazima hayo bado yana kazi. Toa machipukizi ya kwapani na majani ya chini yanayogusa udongo, lakini usizivue nguo zote kwa siku moja, matunda yataungua na jua. Tandaza nyasi kavu baada ya kumwagilia, si kabla. Mpira wa matone ni ushauri mzuri, ufuate. Usiweke naitrojeni ya aina yoyote mpaka uone kijani cha majani machanga kimepungua kukolea na matunda yameanza kushika kwenye vichala vipya.

Hoho zipe mboji viganja viwili kuzunguka kila shina, mbali kidogo na shina lenyewe, kisha matandazo, basi. Zikianza maua ndipo uangalie potasiamu, na wakati huo uwe umeshapima pH kwenye kila tuta, udongo wa sentimita 15 za juu, uliochukuliwa sehemu kadhaa na kuchanganywa. Leta majibu hapa pamoja na picha za jani la chini kabisa na la juu kabisa, si ya mche mzima, ndipo tupange tuta lipi lianze na kunde.