"Futa hiyo picha!" kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege: ni kwa sheria ipi?

Wakuu wa Arusha na Moshi, huu mchezo wa mtu mwenye sare kunyoosha kidole na kuamuru picha ifutwe umezidi. Noah imetoka Marangu imejaa ndugu, bibi kajifunga kitenge kipya, kijana anakwenda masomoni. Mashine ya eksirei iko pale pale mlangoni, na hapo ndipo msindikizaji anapoishia. Picha ya kuagana utaipigaje mashine isionekane nyuma? Anakuja mtu juu kama vile bibi ni jasusi.

Kilichokatazwa ni nini hasa? Jengo, mkaguzi, mashine au foleni? Ukiuliza unaambiwa "usalama", basi.

Kitu kimoja pale kweli hakipaswi kupigwa picha: skrini ya mkaguzi. Inaonyesha mzigo kwa rangi: chungwa ni vyakula, nguo, plastiki na vilipuzi vingi, buluu ni chuma, kijani ni vitu vilivyochanganyika na metali nyepesi. Mtu akiirekodi muda mrefu ataanza kujua kitu kikilazwa vipi kinampita mkaguzi. Tena mashine nyingi huchomeka picha bandia ya silaha juu ya begi la kweli ili kumpima mkaguzi kama yuko macho. Picha hizo zikisambaa, kipimo kimekwisha. Hapo sibishani na mtu. Lakini dawa yake ni kuigeuza skrini iangalie ukuta au kuiwekea kizuizi, si kumkoromea mtu aliyepiga picha trei yake.

Na trei ina sababu ya kupigwa. Saa, pochi na bahasha ya dola vinatangulia kwenye mkanda huku mwenyewe bado anapapaswa upande wa pili wa geti. Vikipungua, utaonyesha nini? Panga vitu vionekane, piga picha moja bila flashi, kisha simu yenyewe ingia nayo kwenye trei. Begi likifunguliwa, piga picha ya kufuli kabla halijaguswa. Usisimame katikati ya njia, maana ukizuia foleni umewapa sababu halali ya kukutoa.

Marekani, ambako ukaguzi ulikazwa sana baada ya Septemba 2001, TSA wenyewe, yaani mamlaka yao ya ukaguzi wa viwanja vya ndege, wameandika kwamba abiria, umma na waandishi wa habari wanaweza kupiga picha sehemu ya ukaguzi, mradi wasiuvuruge na wasipige skrini. Si kwamba huko kuna raha. Abiria mmoja, Phil Mocek, alikamatwa uwanja wa ndege wa Albuquerque mwaka 2009 akirekodi ukaguzi, na video ikafutwa. Aliirudisha kwa programu, ikaonyeshwa mahakamani, na Januari 2011 akaachiwa kwa mashtaka yote manne. Alipowashtaki yeye waliomkamata, mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2015. Kwa hiyo hata kwao haki hii inabishaniwa, ila angalau kanuni imeandikwa mahali ambapo abiria anaisoma kabla hajatoka nyumbani.

Kwetu, Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kutoa habari, Ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka. Sawa. Kama eneo limetangazwa kuwa la kulindwa, bandikeni tangazo lenyewe na mstari unapoanzia. Na sisi wapiga picha tuache ushamba: mama anayepekuliwa mwilini si wa kurushwa kwenye status. Ana faragha yake chini ya Ibara ya 16.

Kinachoudhi zaidi ni huko kufuta. Kama picha ni kosa, basi ni ushahidi, unaufutaje? Kama si kosa, unaifuta ya nini? Na haisaidii kitu. Kwenye iPhone picha iliyofutwa inakaa kwenye "zilizofutwa karibuni" siku 30. Google Photos, kama ilishapandishwa kwenye akaunti, siku 60. Kwa kamera, kufuta huondoa jina tu kwenye orodha, data inabaki kwenye kadi mpaka iandikwe juu yake. Usipige hata picha moja zaidi, toa kadi, ukifika nyumbani programu ya PhotoRec itazirudisha, na ni ya bure.

Ukikamatwa kooni na amri hiyo, usigombane, ndege haikusubiri. Uliza kwa upole ni sheria gani, omba msimamizi wa zamu, soma namba ya kitambulisho kifuani, andika saa. Simu onyesha ukiwa umeishika mwenyewe, usiikabidhi ikiwa imefunguliwa.

Tunachotaka ni bango mlangoni, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka: "Usipige picha skrini. Usimpige picha anayepekuliwa. Usizuie foleni." Nani analiandika na lini?