Queen waachia wimbo wa Freddie wa mwaka 1988, grupu la familia lachangamka

Alhamisi, 13 Oktoba 2022

Idi: Jamani mko wapi? Bendi ya Queen wameachia wimbo na anayeimba ni marehemu Freddie Mercury mwenyewe! Si wimbo wa zamani uliopakwa rangi upya. Huu hatujawahi kuusikia. Unaitwa Face It Alone.

Kassim: Shikamoo baba mdogo. Mimi leo nimeshinda nao.

Idi: Marahaba mwanangu. Na ukanyamaza!

Kassim: Nilitaka kila mtu ausikie kwanza bila maneno yangu kichwani. Ila tafadhali vaeni hedifoni. Spika ya simu inaua ule mwanzo wote, maana pale kuna gitaa, mwangwi na ngoma inayopigwa kwa nafasi, basi.

Zuhura: Nimeusikiliza. Ngojeni kwanza, nitarudi.

Neema: Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Kassim mambo. Huu wimbo hasa ni wa lini? Freddie kafariki 1991, mimi hata sijazaliwa.

Idi: Marahaba mpwa wangu. Ni wa 1988. Tamasha la mwisho la Queen na Freddie lilikuwa Knebworth, Agosti 1986. Baada ya hapo kila mmoja akashika lake, Freddie akaenda kuimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera. Januari 1988 wakarudi studio wote wanne kutengeneza albamu ya The Miracle, ikatoka Mei 1989.

Idi: Sasa sikiliza hapo. Inasemekana walianza nyimbo kama 30 kipindi kile. Kwenye sahani zikaingia 10.

Neema: Kwa hiyo 20 zimekaa kabatini miaka yote hii?

Kassim: Si zote. Kuna zilizotokea mlango mwingine. Too Much Love Will Kill You waliirekodi kipindi hichohicho, ila sisi tukaisikia kwa sauti ya Freddie mwaka 1995 kwenye Made in Heaven, albamu waliyoimalizia baada ya kifo chake. Nyingine zilibaki vipande tu: vesi bila kiitikio, au sauti bila gitaa.

Zuhura: Haya nimerudi. Nilishindwa kuandika.

Idi: Pole dada yangu. Najua.

Zuhura: Hapana, si kilio. Ni ule mshtuko wa kusikia sauti ya mtu unayemjua ikisema jambo ambalo hajawahi kukuambia. Nyimbo zake nyingine zote nazijua kila pumzi. Hapa sikujua anakwenda wapi. Anaanza chini kabisa, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Halafu katikati anapanda, na anapopanda hakuna kwaya ya kumbeba. Queen nzima tunayoijua ni sauti juu ya sauti juu ya sauti. Hapa yuko peke yake.

Neema: Hilo hata mimi nimeliona mama. Nilikuwa nasubiri zile sauti nyingi ziingie, hazikuingia.

Kassim: Na hapo ndipo walipofanya kazi nzuri kuliko mahali pengine popote. Kama una sauti ya Freddie mkononi, na fundi mitambo wa kisasa, na Brian May, mpiga gitaa wao, yuko hapo na gitaa lake, kishawishi cha kujaza ni kikubwa mno. Unaweka vinanda, unaweka kwaya, unaweka kishindo mwishoni. Wao wameacha nafasi. Solo ya Brian yenyewe inaingia kwa adabu.

Idi: Umesema vizuri Kassim. Kwa adabu.

Neema: Sasa mimi nina swali, na msinikasirikie.

Zuhura: Uliza mwanangu.

Neema: Waliuweka kando wakati Freddie yuko hai. Kama wanne wote walikaa, wakasikiliza, wakasema hapana, sisi ni nani kusema ndiyo miaka 34 baadaye? Yeye hayupo kukubali wala kukataa. Na tangazo la sanduku la diski za kuuza limekuja pamoja na wimbo.

Idi: Neema, lakini Freddie aliacha ruhusa. Brian amelisimulia hili mara nyingi. Kule studio ya Montreux, Uswisi, mwishoni, Freddie aliwaambia wamwandikie maneno, chochote, ataimba maadamu ana nguvu, wao watamalizia baadaye. Ndivyo ilivyopatikana Made in Heaven. Kwenye Mother Love hakuwahi hata kuimba ubeti wa mwisho, akauimba Brian.

Neema: Mjomba hiyo naijua, na nyimbo zile sina neno nazo. Lakini ruhusa hiyo ni ya 1991, mtu akijua kwamba siku zimekwisha. Huu ni wa 1988. Hauwezi kuchukua ruhusa ya kazi moja ukaitumia kwenye kazi nyingine.

Idi: Hmm.

Kassim: Hapo, baba mdogo, Neema amekubana.

Idi: Amenibana kweli. Hebu nifikiri.

Zuhura: Neema, mimi naona tofauti. Kuweka kando na kukataa si kitu kimoja. Mtu anaweza kuweka kitu kando kwa sababu nafasi imejaa.

Kassim: Shangazi, hilo naweza kulithibitisha kwa kazi ya kila siku. Studio wimbo haukataliwi kwa barua. Mnafika mahali mmekwama, mmoja anasema tuujaribu ule mwingine, ule mwingine unashika moto, na huu wa kwanza haurudiwi tena. Hakuna aliyesema hapana. Tena hebu fikirieni wenyewe: The Miracle ni albamu yenye makelele mazuri, yenye nguvu. Huu wimbo ungekaa wapi mle? Ungesimamisha albamu nzima.

Neema: Sawa, hiyo naielewa. Bado siyo ruhusa, lakini naielewa.

Idi: Na wao wenyewe hawakuuendea kwa pupa. Mwezi wa sita, siku ya lile tamasha la Malkia Elizabeth kutimiza miaka 70 kwenye kiti cha enzi, ambalo bendi ya Queen ndio walifungua, Roger Taylor, mpiga ngoma wao, na Brian walihojiwa BBC Radio 2. Roger akasema wamekuta kito kidogo cha Freddie walichokuwa kama wamekisahau. Brian akasema kilikuwa mbele ya macho yao siku zote, waliutazama wimbo mara kadhaa wakaona hauokoleki, mpaka mafundi wao wakasema hapa na hapa tunaweza. Alifananisha na kuunga vipande kwa sindano.

Neema: Kuunga vipande ndiyo nini hasa? Ndiyo zile mashine zinazotengeneza sauti ya mtu?

Kassim: Hapana, na ni muhimu watu wajue. Sauti yote hapo imetoka kooni mwa Freddie, mbele ya maikrofoni, 1988. Studio kubwa zilirekodi kwenye kanda yenye njia nyingi: sauti ina njia yake, gitaa njia yake, besi njia yake, ngoma njia yake. Kwa hiyo unaweza kuchukua mstari mzuri wa jaribio moja na mstari mwingine wa jaribio la pili, ukazipanga zikawa wimbo mmoja. Hata waimbaji walio hai tunawafanyia hivyo kila wiki.

Kassim: Linganisha na Beatles 1995 na Free as a Bird. Wale walikuwa na kaseti ya nyumbani ya John Lennon, sauti na piano zimeshikana njia moja. Huwezi kugusa moja bila nyingine. Mafundi wa Queen, akina Justin Shirley-Smith, Joshua Macrae na Kris Fredriksson, walikuwa na mali safi zaidi. Shida yao ilikuwa mapengo.

Neema: Ahaa. Basi hofu yangu moja imeondoka. Sikutaka kulia kwa sababu ya sauti ya kompyuta.

Zuhura: Kwani umelia?

Neema: Kidogo mama. Pale anapopanda.

Zuhura: ❤️

Zuhura: Mimi niseme kinachonigusa zaidi. Mwaka ule wa 1988 alishajua ni mgonjwa. Alikuwa ameambiwa mwaka mmoja nyuma. Ulimwengu uliambiwa tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Kwa hiyo huyu ni mtu anayeimba kwamba mwisho ukifika kila mmoja anaukabili peke yake, na wasikilizaji wake wote wakati huo hawajui lolote. Mimi nimewahi kukaa na wagonjwa wanaoficha. Ile sauti naijua.

Idi: Dada, hapo mimi nakwenda polepole.

Zuhura: Kwa nini?

Idi: Kwa sababu tangu afariki, kila wimbo wake tumeugeuza wosia. Ukisikiliza hivyo huwezi tena kusikia kitu kingine. Kuanzia The Miracle walikubaliana kila wimbo uandikwe jina la Queen, wote wanne, asitajwe mtunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo hata hatuna uhakika huzuni hii ilianzia kwa nani. Mwaka ule Brian alikuwa amefiwa na baba yake, yule aliyetengeneza naye gitaa lake kwa mbao ya zamani ya rafu ya juu ya meko, na ndoa yake ilikuwa inavunjika. Nyumba ile ilikuwa na maumivu ya zaidi ya mtu mmoja.

Zuhura: Kaka hilo ni kweli. Sikulifikiria upande wa Brian.

Idi: Lakini mwimbaji ni Freddie, na mwimbaji huleta vyake. Kwa hiyo hujakosea. Nasema tu tusimfungie chumba kimoja. Mtu huyu alizaliwa Zanzibar 1946, akaenda shule ya bweni Panchgani, India, akafika Feltham, Uingereza, 1964 na familia yake. Tangu utotoni alishajua kuwa mgeni mahali, mbali na watu wake. Upweke haukumjia na ugonjwa.

Neema: Mjomba hii ndiyo sentensi yangu ya siku. Upweke haukumjia na ugonjwa.

Kassim: Na tumkumbuke John Deacon, mpiga besi wao. Kipindi kile bado wako wanne kamili. John alikaa pembeni tangu 1997, haonekani, hahojiwi. Sisi wenye kupenda besi tunapata kidogo sana.

Idi: Hakuna kundi lililowahi kumheshimu mtu aliyekaa kimya kama wale wawili wanavyomheshimu John.

Neema: Narudi kwenye swali langu kidogo, samahanini. Kassim amenijibu la mashine. Mama amenijibu la kuweka kando. Lakini bado najiuliza kama Freddie angeupenda. Alikuwa mtu wa kusawazisha kila kitu mara mia. Huu una kingo. Kuna mahali unasikia wimbo unataka kwenda mbali zaidi halafu unarudi ulipotoka, kwa sababu hakuna kitu zaidi cha kuweka.

Kassim: Umelisikia hilo? Una sikio zuri. Ni kweli, wimbo unazunguka. Hauna daraja la maana, yaani ile sehemu ya kati inayougeuza wimbo. Ungekuwa umekamilika 1988 ungekuwa na sehemu nyingine kabisa baada ya solo.

Idi: Mimi nakubali hauko sawa na nyimbo zao kubwa. Sitaki kumdanganya mtu hapa kwa mapenzi. Ukiuweka karibu na walichotoa kwenye albamu ya Innuendo, huu ni mdogo. Lakini ni mdogo wa kweli. Miaka minane iliyopita walitoa albamu ya Queen Forever, na mle kulikuwa na wimbo wa Let Me in Your Heart Again. Nzuri, ila nilisikia mkono wa fundi kila mahali. Hapa nasikia chumba, na watu ndani yake.

Zuhura: Na mimi niko na kaka. Nisingependa wamalizie. Wangemalizia ningesikia 2022.

Neema: Basi labda hilo ndilo nililokuwa natafuta. Sina ugomvi na wimbo kutoka. Ugomvi wangu ungekuwa kama wangejifanya umekamilika.

Kassim: Na hawakujifanya. Dakika nne na ushei, kisha wanaondoka.

Zuhura: Hilo sanduku lina nini?

Idi: Linatoka 18 Novemba. The Miracle nzima, kwa jumla diski nane. Moja inaitwa The Miracle Sessions, nyimbo sita hazijawahi kutoka, huu ukiwemo. Mbili kati yake anaimba Brian. Tena wameacha mazungumzo yao studio, wakibishana, wakicheka, wakirudia.

Neema: Subiri. Mazungumzo yenyewe? Wakiwa kazini?

Idi: Ndiyo, ya 1988.

Neema: Hapo mmenipata. Nataka kusikia walivyokuwa wanaacha nyimbo. Kama Kassim yuko sahihi kwamba hakuna anayesema hapana, nitasikia mwenyewe.

Kassim: Changamoto imekubaliwa. Na pia kuna matoleo ya mwanzo ya nyimbo tunazozijua. Hizo ndizo nitakazoanza nazo mimi.

Zuhura: Mimi naanza na hizo mbili za Brian.

Idi: Basi Ijumaa ile ya 18 kila mtu asikilize zake, jioni tukutane hapahapa. Neema uje na majibu, usije na maswali tu.

Neema: Nitakuja na vyote viwili mjomba.

Kassim: Baba mdogo, kabla hujalala, usikilize tena kuanzia solo, ila safari hii usimsikilize Brian. Sikiliza ngoma ya Roger inavyokaa nyuma.

Idi: Navaa hedifoni sasa hivi.